Bwana Shauri alifanya kazi gani hasa? Jibu kwa mjukuu wa karani wa boma

SWALI: Babu yangu mzaa baba alikuwa karani wa boma la Morogoro miaka ya 1950. Ametuachia picha moja: amesimama na matarishi wawili, kando yao kijana wa Kizungu aliyevaa kaptura, nyuma yao hema na masanduku. Nyuma ya picha pameandikwa kwa wino, "Safari na D.O., Uluguru 1953". Tunaomba kujua: huyo D.O. alikuwa nani serikalini, kazi yake ya kila siku ilikuwa ipi, na babu alipanda naye milimani kufanya nini?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na cheo, maana hapo ndipo wengi huchanganya. D.O. alikuwa ofisa wa wilaya, msaidizi wa D.C. ambaye ndiye mkuu wa wilaya. Juu ya D.C. alikuwepo P.C., mkuu wa jimbo. Wakati wa picha yenu Tanganyika ilikuwa na majimbo 8, na Morogoro ilikuwa katika Jimbo la Mashariki. Juu ya wote alikuwa gavana Dar es Salaam, Sir Edward Twining, aliyeshika nafasi hiyo kuanzia 1949 hadi 1958. Wananchi hawakujali sana herufi hizo. D.O. na D.C. wote waliitwa Bwana Shauri, kwa kuwa mtu akienda kwao alikwenda na shauri lake: kesi, ombi, au malalamiko juu ya jumbe, yaani kiongozi wa kijiji. Ilikuwa njia ya kumtofautisha na Wazungu wengine wa serikali, kina Bwana Shamba wa kilimo, Bwana Nyama wa wanyamapori na Bwana Afya.

Jambo la pili la kushika ni kwamba Tanganyika haikuwa koloni kisheria. Waingereza walikabidhiwa kuitawala na Shirikisho la Mataifa baada ya Wajerumani kushindwa, na kuanzia 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Mwanakijiji hakuona tofauti kubwa, lakini boma liliiona. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipita nchini 1948, 1951, 1954 na 1957, ukapokea barua za malalamiko, na mtu aliyetakiwa kuzijibu ni D.C. Ndiyo sababu moja ya wingi wa karatasi mtakazozikuta mkianza kutafuta.

Kijana wa kwenye picha huenda alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Baada ya vita vya pili, kijana aliyeajiriwa na Wizara ya Makoloni ya London, mara nyingi akiwa na digrii na wakati mwingine akiwa ametoka jeshini, alipelekwa kusoma kozi maalumu Oxford, Cambridge au London. Alifundishwa sheria, misingi ya kilimo cha nchi za joto, habari za mila za makabila, na Kiswahili. Akifika Tanganyika aliitwa kadeti, na alikuwa chini ya uangalizi hadi afaulu mitihani miwili. Wa kwanza ulikuwa wa sheria na kanuni za serikali, wa pili wa Kiswahili, wa kuandika na wa kuzungumza. Asipofaulu hakuthibitishwa kazini. Muhula mmoja wa kazi ulikuwa wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, kisha likizo ndefu Uingereza, na akirudi aliweza kupangwa wilaya nyingine kabisa. Hilo lina uzito katika habari ya babu yenu: D.O. alihama, karani akabaki. Aliyejua faili lipi liko wapi, jumbe yupi alishawahi kuonywa, na mpaka upi uligombaniwa zamani, alikuwa karani.

Sasa kazi yenyewe. Siku ya boma ilianza asubuhi kwa bendera na mfuko wa barua. Kila barua iliyoingia ilipita kwanza masjala, ofisi ya kutunza majalada: ikagongwa muhuri wa tarehe, ikawekwa kwenye jalada lake, ikapewa namba ya ukurasa, ndipo jalada likapelekwa mezani kwa Bwana Shauri. Yeye hakujibu kwenye karatasi ya pembeni. Aliandika dokezo ndani ya jalada, kwa mfano kumwomba D.C. uamuzi au kumwagiza karani apige chapa barua fulani. Kama jambo lilihitaji kungoja, aliandika B.U. (bring up, yaani lilete tena) na tarehe, na ilikuwa kazi ya masjala kulirudisha jalada mezani siku hiyo bila kukumbushwa. Kama limekwisha, aliandika P.A. (put away, yaani liweke), nalo likarudi kabatini. Anayefanya kazi kwenye ofisi za serikali atazitambua alama hizo, kwa sababu zimeendelea kutumika hadi leo. Mfumo huo uliharibika kwa njia moja kuu: jalada likitoka masjala bila kuandikwa kwenye daftari la mwendo, hakuna aliyejua liko kwa nani, na barua mpya ikafunguliwa jalada jipya. Matokeo yake shauri moja likawa na majalada mawili yasiyofahamiana. Karani mwangalifu alizuia hilo, na hakuna ripoti ya mwaka iliyomtaja kwa kulizuia.

Fedha zilikuwa mzigo mwingine. Boma lilikuwa na chumba cha hazina chenye kufuli mbili, funguo zikishikwa na maofisa wawili tofauti ili mmoja asiweze kufungua peke yake. Humo zilikaa kodi, faini, ada za leseni na mishahara ya watumishi. Daftari la fedha lilifungwa kila siku na fedha zilihesabiwa kwa mikono, noti na sarafu, hadi senti ya mwisho. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na senti 100, na shilingi 20 zilikuwa pauni moja. Ukaguzi wa kushtukiza ulikuwa sehemu ya kazi. Upungufu ukionekana, ofisa mwenye dhamana aliweza kudaiwa aulipe kwa mshahara wake. Kwa hiyo kadeti mgeni, hata awe na elimu gani ya Oxford, wiki zake za kwanza alizitumia kujifunza kuhesabu mabunda ya fedha na kulinganisha vishina vya stakabadhi, yaani nakala zinazobaki kitabuni.

Halafu mahakama. Maofisa wa utawala walikuwa pia mahakimu, wakianzia daraja la tatu na kupanda kadiri walivyofaulu mitihani na kupata uzoefu. Polisi alileta mshitakiwa, shahidi akasema kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, na hakimu akaandika ushahidi wote kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiingereza, huku shahidi akiendelea kusema. Hapo ndipo makosa yalipoingia. Chukua neno "alinipiga". Ni kwa ngumi, kwa fimbo au kwa risasi? Kiswahili hakilazimiki kusema mpaka uulize, na kifungu cha sheria kinabadilika kulingana na jibu. Au chukua saa. Shahidi akisema aliona mwizi saa mbili usiku, anakusudia saa mbili baada ya jua kutua; ofisa asiyezoea akaandika saa nane za usiku, na ushahidi ukaonekana kugongana na wa jirani. Mkisoma kumbukumbu za kesi za enzi zile mkakuta saa mbili zinazopishana kwa saa sita kamili, msidhani mara moja kwamba shahidi alisema uongo. Angalieni kwanza hesabu ya saa.

Mahakama hizo za boma zilikuwa tofauti na mahakama za wenyeji zilizosimamiwa na masultani, watemi, maliwali na majumbe pamoja na wazee wa baraza. Zile ziliundwa chini ya utawala wa kupitia wenyeji, uliojengwa na gavana Donald Cameron kwa sheria ya 1926. Sheria ya 1951 ilizigeuza kuwa mahakama za mahali, na rufaa zake zikaweza kumfikia D.C. na, juu yake, mahakama kuu ya rufaa ya mashauri hayo. Mahari, mifugo, mipaka ya mashamba na madeni vilianzia huko chini. Kazi ya D.O. ilikuwa kuzikagua, na ukaguzi huo ndio sababu kubwa ya hema mnaloliona kwenye picha.

Nije basi kwenye safari, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa picha yenu imepigwa huko.

D.O. alitarajiwa kuwa nje ya boma sehemu nzuri ya kila mwezi. Miaka ya 1950 Land Rover zilishaanza kuenea, lakini gari halipandi Uluguru. Barabara ilifika mahali ikaisha, na kuanzia hapo ni miguu na vichwa vya wapagazi. Maandalizi yalianza siku kadhaa kabla. Tarishi alitumwa na barua kwa majumbe wa njiani, ikieleza siku ya kufika, mahali pa kambi, na vitabu vinavyotakiwa viwe tayari. Barua ikichelewa, msafara ulifika ukakuta jumbe yuko shambani kwake bondeni, wazee hawajaitwa, na siku nzima imepotea. Tarishi hakuwa mbeba bahasha tu. Alirudi na habari: daraja limechukuliwa na maji, kuna msiba kwa fulani, watu wa kijiji kile wana kinyongo.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 50 hadi 60, yaani kilo 23 hadi 27 hivi. Hema lilikuwa zito na liligawanywa, turubai kwa mtu mmoja, nguzo na vigingi kwa mwingine. Kitanda cha kukunja na matandiko vilifanya mzigo wa tatu. Meza na viti, wa nne. Nguo zilifungwa ndani ya bafu la bati lenye kifuniko, hivyo bafu likawa sanduku mchana na la kuogea jioni. Palikuwa na sanduku la jikoni, unga na vyakula vya makopo, karabai na mafuta yake ya taa, chandarua, na sanduku la dawa lenye vidonge vya malaria na dawa za vidonda. Maji ya kunywa yalichemshwa kisha yakachujwa. Waliochuja bila kuchemsha waliugua tumbo, kwa sababu chujio la kawaida huondoa tope na haliui vijidudu. Ukihesabu hivyo unafika mizigo 10 kabla hujagusa chakula cha wapagazi wenyewe na sanduku la ofisi.

Sanduku la ofisi ndilo lililokuwa mikononi mwa babu yenu. Karani wa safari alibeba nakala za madaftari ya kodi ya vijiji vitakavyopitiwa, vitabu vya stakabadhi visivyotumika, ripoti ya safari iliyopita, kanuni zilizokuwa na nguvu, karatasi, kaboni, wino, kidau cha wino wa dole gumba, na fedha za kuwalipa wapagazi. Malipo yalifanywa kwa orodha: jina, siku alizofanya kazi, kiasi, alama ya dole gumba, na shahidi. Orodha bila dole gumba ilirudishwa na wakaguzi wa hesabu, na aliyelipa akatakiwa kueleza. Msafara uliondoka alfajiri, ukatembea kabla jua halijawa kali, ukafika kambini kabla au karibu na adhuhuri. Mchana ulikuwa wa vitabu na jioni ya mashauri. Ripoti iliandikwa usiku, chini ya karabai.

Vitabu vilikaguliwa hivi. Kila mamlaka ya wenyeji ilikuwa na hazina yake, iliyopata sehemu ya kodi pamoja na ada na faini za mahakama, na kutoka humo zikalipwa posho za majumbe, mishahara ya makarani wa mahakama, matarishi, wauguzi wa zahanati na walimu. Karani wa boma alichukua kitabu cha stakabadhi na kuhakikisha namba zinafuatana bila pengo. Ukurasa uliokosekana ulikuwa jambo zito kuliko ukurasa ulioharibika, maana ulioharibika hubaki kitabuni na kuandikwa kwamba umefutwa. Kisha kila kishina kililinganishwa na daftari la fedha, daftari na fedha zilizomo kisandukuni, na faini zikalinganishwa na kitabu cha kesi. Ulaghai wa kawaida ulikuwa wa kaboni: stakabadhi ya juu inaandikwa shilingi 12 na mlipaji anaondoka nayo, kumbe kaboni haikuwekwa, na kishina kinaandikwa baadaye shilingi 2. Kukiona kishina peke yake huwezi kuujua. Kwa hiyo karani mzuri alimwomba D.O. aite watu watano au sita walioko barazani walete stakabadhi zao wenyewe, azilinganishe na vishina. Ulaghai mwingine ulikuwa wa kukopa fedha dukani siku moja kabla ya msafara kufika, kisanduku kijae, kisha zirudishwe msafara ukiondoka. Dawa yake ilikuwa kurudi bila taarifa, hata kwa karani peke yake na askari mmoja.

Kodi ilichukua muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Wakati wa picha yenu bado ilikuwa kodi ya nyumba na ya kichwa, na mwanamume mwenye wake zaidi ya mmoja alitozwa zaidi kwa ajili yao. Sheria ya 1955 ndiyo iliyoleta kodi ya mtu binafsi. Aliyezeeka au asiyejiweza aliweza kusamehewa, na uamuzi huo ulifanywa hadharani na D.O. Lakini umri uliamuliwaje mahali pasipo na cheti cha kuzaliwa? Kwa kuuliza matukio. Je, ulikuwa umeshaota ndevu wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907? Ulibebeshwa mizigo vita vya Wajerumani na Waingereza, 1914 hadi 1918? Mwanao wa kwanza alizaliwa kabla ya njaa ipi? Mkalimani aliyezijua njaa za mahali hapo kwa majina alikuwa na thamani kubwa, kwa sababu jina la njaa moja linaweza kumsogeza mtu miaka 10 mbele au nyuma. Wazee wengi milimani, hasa wanawake, walisema Kiluguru zaidi kuliko Kiswahili, na hapo D.O. hakuwa na masikio ila ya wale waliokwenda naye. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ripoti zote zimeandikwa "niliwauliza" na "waliniambia", kana kwamba hapakuwa na mtu katikati.

Uluguru ya mwaka 1953 ilikuwa na jambo zito kuliko yote hayo, nalo ni matuta. Serikali ilikuwa na mradi mkubwa wa matumizi ya ardhi milimani. Sababu yake ilikuwa ya kweli: miteremko mikali, udongo unaoshuka na mvua, na mito, Ruvu ukiwemo, inayotegemea milima ile. Tatizo ni dawa iliyochaguliwa. Kila kaya ilitakiwa kuchimba matuta ya ngazi, uchomaji wa mashamba ukazuiwa, na kulima kandokando ya vijito kukapigwa marufuku. Amri hizo zilitolewa kwa jina la mamlaka ya wenyeji, na aliyekaidi alitozwa faini na mahakama ya jumbe. D.O. kama huyo wa kwenye picha alipanda kuhesabu: urefu wa matuta yaliyochimbwa, nani hajachimba, jumbe yupi amelegea.

Kwa nini yalishindikana? Kwanza ni udongo wenyewe. Kwenye mteremko mkali tabaka lenye rutuba ni jembamba. Ukichimba ngazi unalifukia na kuleta juu udongo wa chini usio na nguvu. Mahindi yakatoka dhaifu kwenye tuta kuliko kwenye mteremko ulioachwa, na mkulima aliona hilo kwa macho yake msimu wa kwanza tu. Pili ni kazi: kuchimba ngazi kunataka mikono mingi katika miezi ile ile ya kuandaa mashamba, na kazi ya shamba ilikuwa zaidi ya wanawake. La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni umiliki. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ilikuwa mikononi mwa koo na wakuu wao. Jumbe aliyelipwa na hazina hakuwa mwenye ardhi. Mtu aliyechimba tuta la kudumu kwenye shamba alilopewa na ukoo wa mwingine alizusha swali la nani sasa ni mwenye shamba. Afisa aliyepima matuta kwa yadi hakuwa na safu ya kuandikia swali hilo kwenye fomu yake.

Mwaka 1955 watu walikataa waziwazi. Huko Matombo ghasia zilizuka mwezi Julai, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mradi wa matuta ya kulazimisha ukaachwa. Sio Uluguru peke yake. Usukumani kulikuwa na mradi uliosimamiwa kutoka Malya tangu 1947, wenye kanuni nyingi za matuta, samadi na idadi ya mifugo, nao ulizaa chuki ya namna hiyo hiyo. Umeruni, mwaka 1951, watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kulisemea jambo hilo. Maofisa waliotekeleza amri kama hizo walikuwa wa cheo hiki hiki. Wengi wao walikuwa wachapakazi, na baadhi waliandika kupinga ndani ya majalada kabla ya kutekeleza. Yote mawili yaandikwe pamoja, kwamba walipinga na kwamba walitekeleza.

Babu yenu alikuwa upande gani? Picha haiwezi kujibu, lakini ninyi lijueni hili: karani wa serikali hakuwa na uhuru wa kusema. Mwaka 1953 serikali iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, tawi lake lilihitaji kuandikishwa na mikutano yake kupata kibali cha boma, na barua za kuomba vibali hivyo zilipita mikononi mwa makarani kama yeye. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere mwenyewe alishitakiwa kwa kuandika katika Sauti ya TANU maneno makali juu ya ma-D.C. wawili, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Huo ndio uzito wa cheo hicho katika miaka yake ya mwisho.

Na mshahara. Tume ya Holmes, mwishoni mwa miaka ya 1940, ilipendekeza kwamba Mwafrika akishika kazi ya ngazi ya Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Tume ya Lidbury ya 1954 ndiyo iliyotaka viwango vya rangi viondolewe. Hivyo siku babu yenu anapigwa picha hiyo, hata kama angepandishwa akakaa kiti kile kile cha D.O. na kufanya kazi ile ile, kanuni ilikuwa tatu kwa tano. Waafrika wa kwanza, Dunstan Omari akiwa mmojawapo, walianza kuingia kwenye cheo cha D.O. katika muongo huo huo. Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961 nafasi nyingi za juu bado zilikuwa na Waingereza, na mwaka 1962 kazi ya P.C. na D.C. ikageuzwa kuwa ya wakuu wa mikoa na wilaya walioteuliwa kisiasa. Maofisa wa Kiingereza walilipwa fidia ya kukatizwa kazi. Wengine walibaki miaka michache kufundisha warithi wao.

Sasa namna ya kumtafuta babu kwenye karatasi. Anzeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Ombeni orodha za majalada ya Wilaya ya Morogoro na ya Jimbo la Mashariki, miaka 1952 hadi 1955. Yenye faida ni ripoti za safari, ripoti za makabidhiano ambazo ofisa aliandika kabla ya kuhama, ripoti za mwaka, na kitabu cha wilaya kilichokusanya historia za makabila, machifu na mipaka. Kama anayekwenda anafanya utafiti rasmi, aulizie kwanza kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Jina la D.O. litapatikana kwenye orodha ya watumishi wa serikali iliyochapwa wakati ule au kwenye Gazeti la Serikali, ambako mamlaka ya uhakimu na uhamisho vilitangazwa. Mkishalipata jina, tafuteni kama aliacha karatasi zake katika maktaba ya Bodleian, Oxford, ambako kuanzia 1963 zilikusanywa shajara, barua na picha za maofisa wa makoloni. Huenda nakala ya picha yenu, na nyingine za safari hiyo hiyo, ziko huko.

Msishangae mkikuta mapengo. Mwaka 1961 London iliagiza kwamba nyaraka ambazo zingeiaibisha serikali ya Uingereza zisikabidhiwe kwa serikali mpya. Nyingine zilichomwa, nyingine zikasafirishwa, na zilizosafirishwa zilifichuliwa mwaka 2011 baada ya kesi ya wazee wa Mau Mau wa Kenya. Sasa ziko Kew, London, chini ya alama FCO 141, na Tanganyika ina sehemu yake humo.

Ndani ya majalada babu hatatajwa kwa sifa. Mtafuteni pembeni. Chini ya barua iliyopigwa chapa, upande wa kushoto, mara nyingi kuna herufi za aliyeitunga, alama ya mkwaju (/), kisha herufi za aliyeipiga. Kwenye muhuri wa masjala kuna saini fupi ya aliyepokea. Kwenye orodha za malipo ya wapagazi kuna mstari wa shahidi. Nendeni na barua yoyote aliyoiandika kwa mkono ili mlinganishe mwandiko, na mjue jina lake kama lilivyoandikwa enzi zile: huenda ni jina lake na la baba yake kwa "bin" katikati, huenda ni jina la ubatizo tu na herufi moja ya ukoo, wala si jina la ukoo mnalotumia ninyi leo.